Sukari Aliyolambishwa Mwanangu

Baba yangu alikuwa mtu wa sukari. Kazi yake ilikuwa bondeni, kwenye kiwanda kilichozungukwa na mashamba ya miwa, na kila Jumamosi alirudi kwetu Uvira, mjini kando ya ziwa, akinuka kitu ambacho sijakinusa tena popote: moshi, jasho, na maji ya miwa yaliyochemka mpaka yakaanza kuungua. Mama alipofua mashati yake na kuyaanika, nyuki walikuja wakatua kwenye kola. Sisi watoto tulikatazwa kupita chini ya kamba ile. Kwenye mkono wake wa kuume, toka kiwiko hadi kiganja, alikuwa na kovu linalong'aa, la siku ile sukari ilipomrukia ikingali majimaji ya moto. Wageni aliwaonyesha kovu hilo bila kuulizwa.

Nyumbani kwetu tulikosa mengi, lakini sukari haikukosekana. Tena kulikuwa na desturi moja, sijui kama aliitoa kwa wazee wake wa Runingu au kwa wenzake wa kazini, au aliibuni mwenyewe. Kila mtoto aliyezaliwa katika nyumba ile alilambishwa sukari na baba siku ya kwanza. Alinawa mikono mpaka kwenye viwiko kama daktari anayekwenda kupasua mgonjwa, akachovya ncha ya kidole kidogo, akampaka mtoto ulimini, akamwambia, "Onja dunia. Mengine utayaonja weye mwenyewe."

Mimi nililambishwa hivyo. Wadogo zangu pia. Baada ya siku hiyo ya kwanza mkono haukukoma: maji ya sukari mtoto akilia, mkate uliochovywa kwenye chai ya sukari mtoto akicheka. Tulikua wote. Meno yetu hayakuwa ya kujivunia, lakini tulikua, na jambo hilo baba alikuja kulitumia kama ushahidi.

Niliolewa na mfanyabiashara wa ndagala, wale dagaa wa ziwani. Alinunua ndagala kavu huku kwetu, akavuka nazo ziwa mpaka Kigoma, akarudi na vikwembe, vile vitambaa vya wanawake vya kujifunga, na sabuni. Mimba yangu ya kwanza ilipokuwa kubwa alinirudisha kwa mama, kama ilivyo desturi ya uzazi wa kwanza, akasema anakwenda safari moja tu, atarudi mtoto hajazaliwa. Alikuwa amevaa shati jeupe ambalo sikulipenda kwa safari ya boti. Nilimwambia litachafuka. Akacheka. Siku chache baadaye boti zikasimama. Kila mtu alisema njia ya ziwa itafunguliwa juma lijalo, na juma lile lilipofika walisema hivyo hivyo.

Bondeni kulianza kuharibika kabla mjini hatujasikia kitu. Watu walikuja na vyombo vyao kichwani, mbuzi, kuku, godoro. Siku moja baba naye alionekana barabarani, anatembea kwa miguu, na gunia nusu la sukari begani. Kiwanda kilikuwa kimesimama. Wafanyakazi waliokuwa bado wapo waligawana kilichobaki, kila mmoja akashika njia yake. Aliliweka gunia chini sebuleni, akakaa juu yake kama kiti, akaomba maji. Mama alimuuliza, "Na kazi?"

"Kazi iko pale," alisema. "Ni batu ndio hawako."

Mwanangu alizaliwa mvua za kwanza zikinyesha. Alikuwa msichana. Jina lake sitalitaja, maana bado lina mwenyewe. Alizaliwa kwenye kituo cha afya kilichokuwa juu kidogo ya barabara, mikononi mwa muuguzi mfupi, mnene, mwenye sauti ya kukwaruza, ambaye alituita sisi wazazi wote "mama" hata tuliokuwa sawa na binti zake. Kabla sijaondoka alinishika kidevu ili nimtazame.

"Sikia, mama. Maziwa yako tu. Maji, hapana. Chai, hapana. Hata maji ya baraka yabaki kwenye paji la uso, yasiingie kinywani. Mpaka akae mwenyewe bila kuegemezwa. Umesikia?"

"Nimesikia."

"Bibi yake akikuuliza, umwambie ni minye nimekataza. Waje wanigombeze minye."

Nilipomweleza baba, alicheka. Hakucheka kwa dharau; baba hakuwa mtu wa dharau. "Huyo muganga yeye alilambishwa nini?" alisema, na alikuwa tayari amenawa mikono mpaka kwenye viwiko. Nilimwacha amlambishe. Ilikuwa chembe tatu nne kwenye ncha ya kidole, na mume wangu hakuwapo, na nilitaka mwanangu apate walichopata wengine wote. Alikunja uso mzima, kisha ulimi ukatoka, ukatafuta. Baba alishangilia kana kwamba mtoto ametamka neno.

Tangu hapo mimi nikawa mlinzi. Mama alitaka kumpa maji ya sukari jioni, nikakataa. Alinuna, akakubali. Mwanangu alinyonya vizuri. Maziwa yalikuwa mengi mpaka yakalowesha nguo, na mikono yake ikaanza kupata mikunjo ile ya unene ambayo akina mama hupenda kuibusu.

Halafu vita vikafika mjini.

Sitasimulia mizinga, waliokuwepo wanaijua, na wasiokuwepo hawatafaidika. Ilikuwa asubuhi. Tulitoka na watu wote wa mtaa wetu, tukashika barabara ya Fizi, mlima upande mmoja na ziwa upande mwingine, watu wamejaa katikati kama maji mferejini. Mama alibeba sufuria na unga. Wadogo zangu walibeba mikeka. Baba alibeba sukari. Alikuwa ameijaza kwenye kopo kubwa la mafuta ya kupikia, akalifunga kwa kitambaa, iliyobaki akaiacha nyumbani. Mama alimuuliza kwa nini asibebe maharage. "Sukari inakulwa bila moto," alisema. Katika hilo hakukosea.

Tulipita Kalundu, tukaendelea. Karibu na Makobola tuliambiwa mbele kuna askari wanaokimbia, wanachukua kila kitu, hata watu wa kuwabebea mizigo. Tukaacha barabara, tukapanda milimani pamoja na familia nyingine mbili tatu, tukajificha kwenye korongo lenye kijito, chini ya mashamba ya muhogo. Tulikaa pale muda mrefu kuliko tulivyodhani. Tulikula muhogo mbichi na majani. Mvua ilipokuja, tulilowa; ilipokwisha, tulikauka.

Maziwa yangu yalianza kupungua. Sikuamini. Kifua kilichokuwa kinauma kwa kujaa kikawa chepesi, laini kama mfuko uliomwagwa. Mwanangu alivuta, akaachia, akanitazama, akavuta tena, kisha akalia kilio ambacho sikuwa nimewahi kukisikia kwake, chembamba na kirefu.

Siku moja mchana askari walipita chini yetu. Hatukuwaona, tuliwasikia. Vyuma, viatu, mmoja anakohoa. Tulilala kifudifudi kwenye majani. Na mwanangu akaanza kulia.

Nilimpa ziwa, akalikataa. Nilimfunika, akazidi. Mwanamume mmoja aliyekuwa amelala karibu yangu, mtu mwema, aliyekuwa ametugawia muhogo wake jana yake, alinitazama kwa macho mekundu, akaninong'oneza, "Mama, umunyamazishe. Atatuuwisha wote." Nikajua anachotaka kusema zaidi ya hapo, na nikajua hatakisema kwa sababu yeye pia alikuwa na watoto wake pale. Niliweka kiganja juu ya kinywa cha mwanangu, nikakiondoa. Sikuweza.

Baba alijivuta kwa tumbo mpaka kwangu. Alikuwa amefunga sukari kwenye pembe ya kikwembe cha mama, fundo dogo kama jicho la ng'ombe. Akalitia mate yake mwenyewe, maana kijito kilikuwa mbali, akaliweka kinywani mwa mtoto.

Akanyamaza.

Alifyonza. Macho yalimtoka kwa utamu, mkono ukashika kidole cha baba, na chini yetu yule askari alikohoa mara nyingine, akasema jambo kuhusu viatu vyake, wakapita. Tulibaki tumelala muda mrefu baada ya sauti zao kwisha. Baba alikuwa analia, hana sauti, machozi yanamwagikia kwenye majani ya muhogo, na fundo bado liko kinywani mwa mjukuu wake.

Basi baada ya siku hiyo ningemwambia nini? Kwamba muganga alikataza?

Watu wa korongo lile walimwita baba "mzee wa sukari." Kila mtoto alipolia, fundo lilitoka. Kopo likapungua. Mwanangu alijifunza upesi kuliko tulivyopenda. Nilipomsogeza kifuani aligeuza uso, akatafuta pembe ya kikwembe, na kwa kuwa hakuninyonya, kilichobaki kwangu nacho kikakauka zaidi. Nilikuwa nalijua hilo. Kila mama analijua bila kusoma: ziwa lisilonyonywa husahau. Nilipambana naye mchana kutwa, nikimnyima fundo, nikimwekea ziwa, na siku nyingine alikubali, akanyonya kidogo kwa hasira.

Tulirudi mjini kulipotulia. Nyumba yetu ilikuwa imesimama, lakini haina milango wala mabati ya upande mmoja. Sukari tuliyoiacha haikuwapo. Hata gunia lenyewe lilichukuliwa. Kwenye kopo la baba ilibaki kidogo chini.

Mwanangu alikuwa amekonda shingo, lakini alikuwa hai, na watu walikuja kumwona kwa sababu hiyo. Sijui nielezeje furaha ya wakati ule. Tulikuwa tumezika wengi, na wengine hatukujua wako wapi, na hapa palikuwa na kitu kidogo kilichozaliwa kabla tu ya mabaya yale, kikapelekwa milimani, kikarudi. Kila aliyeingia alitaka kumshika. Na mtu hamwendei mtoto mikono mitupu. Kwa kuwa hapakuwa na kitu mjini, kila alichonacho mtu kilikuwa cha thamani, na cha thamani kuliko vyote kilikuwa kitu kitamu. Jirani alikuja na biskuti moja aliyoipata sijui wapi, akaiponda kwenye chai mpaka ikawa uji, akamlisha kwa kidole. Mama mmoja wa kanisani alileta bonbo, pipi ngumu, akaitafuna kwanza yeye mwenyewe kuilainisha. Mjomba wangu alimlambisha soda, watu wakacheka jinsi mapovu yalivyompiga puani.

"Musimupe," nilikuwa nasema. "Muganga alikataza. Bado hajaanza kukaa."

"Ah, weye naye! Umeanza kuwa muzungu?"

"Mutoto wa vita anakatazwa nini?"

"Muache afurahi kidogo. Ametokea mbali."

Na mwanangu alifurahi kweli. Hapo ndipo palipokuwa na ugumu wote. Alianza kucheka. Alijua mkono unaokuja na kitu na mkono unaokuja mtupu. Alipomwona baba alipiga miguu.

Tuligombana, mimi na baba, mara moja tu. Ilikuwa uani, yeye anashona kwa waya bati lililotoboka. Nilimwambia sitaki ampe tena, hata maji ya sukari, kwa sababu nataka maziwa yarudi. Nilimwambia maji yenyewe tunayachota ziwani, mabomba yamekufa, na mto unaleta kila kitu kutoka juu. Aliuvuta waya, akaukaza.

"Nyinyi wote niliwalea na sukari hii," alisema. "Nani alikufa?"

"Hakuna, baba."

"Kule juu, nani alimunyamazisha?"

"Ni weye."

"Basi."

Hakusema kwa ukali. Alikuwa ameumia. Kazi yake ilikuwa imekwenda, kiwanda kimekuwa kichaka, na kitu pekee alichowahi kutengeneza maishani mwake kwa mikono yake binti yake anakiita kibaya. Niliona hivyo hata siku ile, nikaingia ndani. Kwa siku kadhaa hakumpa kitu. Halafu mama ndiye aliyempa, mimi nikiwa nimekwenda kutafuta majani ya muhogo ya kupika sombe, maana mtoto alilia.

Alianza kuharisha siku ya soko. Mwanzoni tulisema ni meno. Kufika jioni tuliacha kusema hivyo. Kulipokucha macho yake yalikuwa yamerudi ndani, na ile sehemu laini ya utosini ilikuwa imebonyea kama alama ya kidole kwenye unga. Alipolia hapakuwa na machozi. Nilimfunga mgongoni, nikapanda kwenye kituo cha afya bila kujua kama kuna mtu.

Muuguzi yule alikuwa amerudi. Alikuwa anafagia vipande vya vioo. Dawa hazikuwapo, vitanda havikuwapo. Kilichobaki ni meza moja na yeye. Alimshika mwanangu, akavuta ngozi ya tumbo kwa vidole viwili, ngozi ikabaki imesimama, haikurudi. Hakunigombeza. Nilikuwa nimejiandaa kugombezwa, na alipoacha, niliogopa.

"Serumu ya kumutundikia sina," alisema. "Wamechukua yote. Sikia vizuri. Nenda uchemshe maji, yachemke kabisa. Yakipoa, utie chumvi kidogo na sukari. Umupe kidogo kidogo na kijiko, usiache, hata akitapika."

"Sukari?"

"Ndiyo."

"Tena sukari?" Nilisema kwa sauti kubwa mpaka watu waliokuwa nje wakachungulia. "Si weye ndiye ulinikataza? Minye nimegombana na baba yangu juu yako! Leo unaniambia sukari?"

Aliweka mkono begani mwangu, ukakaa hapo. "Ile ilikuwa ya kufurahisha ulimi, mama. Mutoto anashiba utamu, anaacha ziwa, na uchafu unaingia na maji. Hii pamoja na chumvi ni ya kurudisha maji mwilini. Si kitu kimoja. Nenda. Nenda haraka."

Nilikimbia. Nyumbani mama aliwasha moto kwa mbao za mlango wa jirani. Chumvi tulikuwa nayo. Nikafungua kopo la baba. Halikuwa na kitu. Lilikuwa limekwisha siku ile ile au jana yake, limekwanguliwa kwa kijiko mpaka chuma kinang'aa.

Baba alikuwa amesimama mlangoni. Alikuwa amesikia yote kwa mama.

"Mutoto iko anataka sukari?" aliuliza.

"Ndiyo."

"Kama dawa?"

"Ndiyo, baba."

Alitoka bila viatu. Njia aliyopita niliambiwa baadaye na watu. Alianza kwa majirani, akaenda mpaka sokoni, ambako meza zilikuwa tupu. Akaenda kwa mapadri, akaenda Kavimvira kwa mtu aliyefanya naye kazi miaka mingi. Mtu aliyekuwa amechemsha sukari ya nusu ya nchi alipita nyumba kwa nyumba, anaomba kijiko kimoja. Wengi walidhani vita vimemharibu akili. Mwanamke mmoja alimwambia, "Mzee, si ni weye ulikuwa unatugawia?" na akamfungia mlango, si kwa ubaya, hakuwa nayo.

Mimi nilikuwa nimekaa uani, mgongo ukutani, nampa mwanangu maji ya chumvi matupu kwa kijiko, kwa kuwa sikuwa na jingine. Yalikuwa yanatoka pembeni mwa midomo. Mama alipendekeza nimpe ziwa. Nilimpa. Na aliligusa. Nitaapa mbele ya yeyote: alilikamata, akalishika kinywani, bila kuvuta, kama mtu anayeshika mkono wa mwenzake tu. Tulikaa hivyo. Jua lilikuwa kali, na kivuli cha bati lile baba alilolishona kilikuwa kinanifikia magotini. Sikujua aliniacha lini hasa. Mama ndiye aliyejua. Alikuja akaniinamia, akatoa kikwembe chake, akatufunika sote wawili.

Baba alirudi baadaye kidogo. Alikuwa amepata. Ilikuwa kwenye karatasi iliyokunjwa, ameishika kwa mikono yote miwili mbele yake, anatembea polepole ili isimwagike. Aliona kikwembe. Alisimama katikati ya uwanja na karatasi ile mikononi, na hakujua aiweke wapi.

Tulimzika mwanangu siku hiyo hiyo, kule upande wa mlimani ambako watoto wengi walizikwa mwaka ule. Baba alichimba mwenyewe. Wajomba walitaka kumsaidia, akawasukuma.

Sikuzungumza naye kwa muda. Hapakuwa na ugomvi. Nilimpa chakula, alinishukuru, nilifua shati lake. Lakini sikuweza kuketi mahali alipoketi. Nilimchukia mchana, na jioni nikimwona anatazama ziwa, mkono wenye kovu umelala magotini, nilimhurumia mpaka nikashindwa kula. Nilifikiria lile korongo. Kama asingempa fundo lile, tungekufa sote pale, naye pamoja nasi. Na kama asingempa lile fundo, labda angenyonya. Niliyapanga mambo hayo kwa kila namna, na kila namna ilikuwa na shimo. Majirani walioleta biskuti na bonbo walikuja matangani, wakalia kwa uchungu wa kweli, na hakuna hata mmoja aliyefikiria kidole chake. Wao walisema ni vita. Wengine walisema ni jicho baya. Nami nilichoka kueleza.

Njia ya ziwa ilipofunguka, mume wangu alirudi. Alishuka Kalundu, akaja kwa miguu. Alikuwa amesikia kwa wavuvi kwamba nimezaa na kwamba ni msichana. Habari hiyo ya kwanza ndiyo iliyomfikia, ya pili haikuvuka. Aliingia uani anacheka, amekonda, na mkononi ana kifurushi. Alikifungua kabla hajaketi: kofia ya sufu ya rangi ya njano, soksi ndogo, gauni.

"Iko wapi?" alisema. "Iko wapi mutoto?"

Mama aliingia ndani. Ni baba aliyeinuka kwenye kiti chake. Alisimama mbele ya mkwe wake, mzee mbele ya kijana, akaweka mikono nyuma kama mwanafunzi.

"Mutoto hayuko," alisema. "Alikufa na tumbo. Ni minye. Muke wako huyu alikataa, akanikataza mbele ya watu, minye nikamupa sukari. Kama uko na hasira, usimuguse yeye. Niko hapa."

Mume wangu alimtazama, akatazama kofia, akakaa chini pale pale vumbini. Kisha akasema, bila kuinua kichwa:

"Baba, kwetu pia tunawapaka asali. Ningekuwa hapa, ningemupaka minye mwenyewe."

Baba akageuka, akaenda nyuma ya nyumba, na kwa mara ya kwanza tangu mazishi tulimsikia analia kwa sauti. Nilimfuata. Nilikaa tu kwenye jiwe lililo karibu naye mpaka alipomaliza, kisha nikamletea maji ya kunawa uso. Ndivyo tulivyopatana, kama kule kunaweza kuitwa kupatana.

Mume wangu hakuwa na picha ya mtoto wake. Hatukuwahi kumpiga picha. Mchana ule aliniuliza alifanana na nani. Nikamwambia: masikio yako, paji la mama yako. Nikamwambia alikuwa anapiga chafya kila alipotolewa juani. Nikamwambia alivyoshika shanga zangu na kuzivuta, na jinsi alivyolala na mkono mmoja juu kana kwamba anaomba ruhusa ya kusema. Kila nilipodhani nimemaliza aliuliza kingine. Kucha zake zilikuwaje? Sauti yake? Aliniuliza mpaka kuku wakaanza kuingia bandani.

Vita vingine vilikuja baada ya vile, tukahama tena, tukarudi tena. Baba alifariki katika amani fupi iliyokuwa katikati. Nilizaa watoto wengine. Niliwanyonyesha nilivyoambiwa, nikapigana na bibi, shangazi na majirani, na nikashinda mara nyingi. Na kila aliyezaliwa, mume wangu alimshika, akamtazama sana, akaniuliza kwa sauti ya chini ili wageni wasisikie: "Na yule, alikuwa hivi?" Nilimjibu ndiyo, au nilimjibu hapana, yule nywele zake zilikuwa nyingi zaidi. Miaka ilivyozidi kwenda, wakati mwingine nilimjibu ndiyo hata pale ambapo sikukumbuka tena.